Nilivyomtoa Sabina Kwenye Mbio za Kati

Siku yangu ya kwanza kazini sikumfundisha mtu kukimbia. Afisa Michezo wa Mkoa, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alinikabidhi kamba ndefu na debe la chokaa, akanipeleka kwenye uwanja wa udongo pale Tabora.

"Chora njia," akaniambia. "Mwalimu wa riadha asiyejua kuchora mita mia nne hajui anachofundisha."

Nilichora mpaka shingo ikaungua. Alipokuja kukagua akasema nimezidisha mita mbili. Nikafuta, nikaanza upya.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, ambako vijana wa Puge walikuja mazoezini wakitokea shambani, miguu mitupu. Kisha nikarudishwa Tabora kuwa kocha wa timu ya mkoa. Kila kituo nilikwenda na imani niliyoipokea kwa wakubwa wangu. Mkimbiaji huanza na mbio za kati, yaani mita mia nane na elfu moja mia tano. Miguu ikipungua kasi anahamia barabarani, kwenye marathoni, na akishahamia harudi. Mbio ndefu zinaua kasi, tuliambiwa. Sikuwahi kuuliza nani aliyechunguza jambo hilo.

Sabina nilimkuta niliporudi Tabora. Alikuwa binti wa wakulima wa Ntalikwa, mwembamba, msikivu. Alikimbia mita elfu moja mia tano, ambayo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, na kwa misimu minne hakuna msichana wa mkoa huu aliyemshinda. Alipofikisha miaka ishirini na minne muda wake ukagoma kushuka. Nilikuwa na wasichana wadogo wanaokuja juu, na nafasi kwenye timu ni chache. Nikamwita pembeni.

"Kasi yako imekwisha, Sabina. Nenda marathoni."

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu, mwaka huu nimemuuguza baba. Usingizi nilikuwa siupati."

"Hayo nayajua," nikasema. Sikuwa nikiyajua.

"Sawa, Mwalimu."

Akaenda. Huko barabarani alifanikiwa, akakimbia miji ambayo mimi naisikia redioni tu. Kila likizo alipita kunisalimu, shikamoo yake ile ile, nami nikajisifu mbele ya watu kwamba ni mimi niliyemwelekeza.

Miaka kumi na miwili ikapita. Nikiwa nimebakiza msimu mmoja kazini, Sabina alikuja uwanjani akaniomba nimwandikishe kwenye mita elfu moja mia tano, mashindano ya mkoa.

"Mama hajawahi kuniona nikikimbia mpaka mwisho," akasema. "Enzi zile hakuweza kuacha shamba kuja uwanjani. Marathoni zangu anaziona kwenye simu ya jirani. Uwanjani ataniona mbio nzima."

"Una miaka thelathini na sita. Mwili wako umeshazoea mwendo wa barabarani."

"Mazoezi ya vipande sijayaacha, Mwalimu. Kila wiki." Vipande ni kukimbia mzunguko mmoja kwa kasi, kupumzika kidogo, kisha kurudia tena na tena. "Marathoni ya siku hizi haikimbiwi polepole."

Nilikataa. Akaenda kwa Afisa Michezo mpya, mwanamke wa umri wa binti yangu, naye akaniita ofisini.

"Umempima, Mwalimu?"

"Sijampima. Lakini uzoefu wangu unaniambia hawezi."

"Basi mwandikishe. Mashindano yatatuambia sote."

Siku ya mbio mama yake alifika mapema akakaa karibu na mstari wa kumalizia. "Mwangaluka," alinisalimu Kinyamwezi, nami nikaitikia huku nikimwonea huruma. Niliamini anakwenda kuona aibu.

Sabina aliongoza tangu mzunguko wa kwanza. Kila alipopita nilitazama saa, na kila mzunguko ulilingana na uliotangulia. Kwenye kona ya mwisho msichana wa miaka kumi na tisa akachomoka, akampita. Sabina alijaribu kumjibu, miguu ikakataa. Akawa wa pili.

Nikatazama saa, nikamwendea mpima muda mwenzangu kulinganisha. Saa zetu zilikubaliana. Sabina alikuwa amekimbia sekunde mbili chini ya muda wake bora kabisa wa ujana. Mama yake alikuwa amesimama, anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nimestaafu sasa, magoti hayanipi raha. Makocha vijana huja kuniuliza kama mtu wa marathoni anaweza kurudi mbio za kati. Nawaambia wengine wanaweza, kama mazoezi ya kasi hawakuyaacha, ila ule mchomoko wa mwisho hupungua. Wanaandika kwenye simu zao, wananishukuru. Mimi nabaki nimechoka, maana jibu hilo nililipata nikiwa sina tena mtu wa kumfundisha.

Siku niliyoagwa, Sabina alikuja na asali. Watu walipotawanyika nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba alikuwa bado na miaka ya mbio zile na mimi ndiye niliyemnyima.

"Ungebisha siku ile," nikasema. "Ungekataa."

"Nilikuwa najua bado ninaweza, Mwalimu. Lakini nilikuamini wewe kuliko nilivyojiamini."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, labda leo ningekuwa nimesahau.