Mashua Iliyokuwa Chini ya Wimbi

Saa tatu asubuhi, mvua inapiga madirisha ya karakana ya Sjoukje Hoekema mjini Harlingen, bandari ya Uholanzi. Ameinamia mchoro mpana kama mlango, akizungusha kijiti chenye pamba juu ya anga. Pamba inageuka kahawia. Anga inazidi kung'aa.

"Huu wote ni moshi wa babu zetu," anacheka. "Walivuta tumbaku hawa, acha tu."

Mchoro unaonyesha meli tatu zilizonaswa na dhoruba, ile ndogo ikizama. Kwa miaka mingi ulitundikwa katika ukumbi wa wavuvi. Tryntsje Wiersma, mke wa mtunza ukumbi, alikuwa akikaa akiupa mgongo: kaka yake alipotelea baharini.

Sjoukje, 58, alikuwa mshona nyavu kabla ya kujifunza ukubwani kazi hii ya kusafisha michoro ya kale. Majira ya baridi yaliyopita, alipofika kwenye wimbi lililo kando ya meli ndogo, pamba ilitoka nyeusi. Rangi ile haikuwa ya zamani kama nyingine; mtu aliipaka baadaye. Chini yake palichungulia doa jekundu.

Hakuthubutu kuendelea. Kama hapakuwa na kitu, wimbi lingekwenda lisirudi. Akamwita Durk, mumewe Tryntsje. Wanachama wa ukumbi walibishana sana, wengine wakisema picha ya wazee haichokonolewi. Mwishowe Durk akaja na jibu.

"Futa, binti yangu. Ukiharibu, tutasingizia dhoruba."

Doa likawa kofia. Kofia ikapata uso, uso ukapata mikono iliyoshika kasia. Kufikia wakati wa kahawa, mashua nzima ilikuwa imejitokeza, wapiga makasia wamejikaza, na kamba yao imeshadakwa na mtu aliye kwenye ile meli ndogo.

Durk alitoka, akarudi na mkewe. Tryntsje alisogea karibu kabisa.

"Kumbe walifuatwa," alisema. Kisha akavuta kiti, akaketi akiutazama mchoro, akaomba kahawa.

Nani aliifunika mashua ile, hakuna ajuaye. Sjoukje anahisi ni fundi mvivu aliyeziba ufa kwa kupaka eneo zima.

Mchoro utarudi ukumbini kiangazi hiki. Imebaki bendera ya meli kubwa, na ameiacha makusudi.

"Tryntsje anasema ni nyekundu, mumewe anasema buluu. Wamewekeana dau la keki," anasema. "Jumamosi naisafisha wote wakiwa hapa. Atakayeshindwa ataoka. Mimi nitakula kwa vyovyote vile."