Ukurasa Haugeuzwi Mpaka Wote Wasikie

Sheria hiyo niliitunga mimi, kwa mdomo wangu, na siku ile nilijiona mtu wa maana sana.

Tulikuwa watu watano kwenye veranda ya ukumbi wa parokia, mtaa wa Tshopo, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Juu ya meza palikuwa na kitabu kimoja kinene cha fotokopi, kimejaa maswali ya hesabu ya mtihani wa kuingia masomo ya juu nje ya nchi. Kila mmoja wetu alikuwa amemaliza chuo kikuu hapahapa Kisangani, ana kazi yake ndogo, na wote tulitaka kitu kilekile: alama za kutosha tupate bursari, tuende tukasome zaidi. Nikasimama nikasema kwamba hapa hakuna kuachana njiani, ukurasa haugeuzwi mpaka wote wasikie. Kwetu kusikia ndiyo kuelewa. Wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikajipigia.

Kitabu hichohicho tulikuwa nacho pia ndani ya simu. Lakini kwenye simu kila mtu anageuza ukurasa wake, wa mbele hajui wa nyuma amekwama wapi. Tuliona hiyo ni tabia mbaya, kama kula chumbani umefunga mlango. Tukakubaliana kwamba simu zibaki mifukoni na kitabu cha karatasi kibaki katikati ya meza.

Mimi nilisomea fizikia na nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo chaki ikawa yangu tangu siku ya kwanza bila mtu kuuliza. Mmoja alisoma swali kwa Kiingereza na kulitafsiri, wengine wakakuna vichwa, halafu macho yote yakanigeukia. Nikasimama kwenye ubao wa katekesi nikaeleza. Sitajifanya mtakatifu: nilipenda kueleza, nilipenda kupita kiasi. Uso wa mtu mzima uliokunjamana ukikunjuka mbele yako kwa sababu ya maneno yako ni utamu unaoshinda mikate ya moto na sukari juu yake. Walipokuwa wao wanapiga hesabu, mimi nilikuwa natafuta namna nyingine ya kuzieleza. Sikuona kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Kati yetu alikuwemo bwana mmoja wa kilimo, mtu wa Isangi, mwili mkubwa na kicheko cha kuamsha wagonjwa. Kichwa chake hakikuwa kibaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kudanganya. Wengine, jua likianza kushuka na njaa ikiuma, nikiuliza kama wamesikia walijibu ndiyo, hata kama macho yao yalisema hapana. Yeye aliinua mkono.

“Minaomba pole, lakini miye sijasikia bado.”

Siku moja lilikuja swali la boti. Boti inashuka mto kwa saa kadhaa, inapanda kwa saa nyingi zaidi, mwendo wa maji umepewa, tafuta mwendo wa boti. Ni swali la mtoto. Lakini yeye alikuwa amekulia kwenye baleinière, yale maboti ya mbao yanayobeba watu, mihogo na mbuzi hadi Isangi na kurudi, yakisimama Yangambi njiani.

“Bon,” akasema, “baleinière hii inasimamaka Yangambi ao hapana?”

“Haisimami popote.”

“Alors batu ya Yangambi banashuka wapi? Banaruka mu mayi?”

Tukacheka mpaka sista akachungulia dirishani. Nikamwambia hii ni boti ya kitabu tu, haina abiria, haina mihogo, haina hata mbuzi. Akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa.

“Sasa kama haina kitu, sababu ya nini inapanda mto?”

Jumamosi nzima iliishia hapo. Kitabu tulikifunga kwenye ukurasa uleule tuliokifungulia.

Wa kwanza kuondoka alikuwa kijana wa uchumi, mdogo kuliko sote. Baadaye tuligundua kwamba nyumbani alikuwa anafanya mazoezi peke yake, saa mkononi, kurasa za mbele huko ambako sisi hatujafika. Hatukumlaumu, tulimpikia. Akaenda Kinshasa kufanya mtihani, akafaulu, akapata nafasi yake nje. Baada yake akaondoka mama mmoja muuguzi, kisha mwalimu mmoja wa jiografia. Kila mmoja tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege, na kila mmoja alinikumbatia akisema bila mimi asingefika popote. Mara zote baba yangu alikuja nasi. Nilikuwa nakaa naye tangu mama afariki, naye anapenda kuona ndege zikiruka.

Siku tuliyomsindikiza mwalimu wa jiografia, baba alisubiri ndege ipotee mawinguni, akanigeukia.

“Weye unasindikizaka batu. Siku gani batu batakusindikiza weye?”

“Mwaka ujao, papa. Yule wa kilimo hajaiva bado.”

“Miye sikukuulize habari yake yeye. Nilikuuliza weye.”

“Haraka haraka haina baraka, papa.”

“Na ngoja ngoja inaumizaka matumbo,” akajibu, akaenda kutafuta pikipiki.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Bursari niliyoitaka, ya kusomea hali ya hewa, haikupokea mtu aliyepita miaka thelathini na tano, na mimi nilikuwa nakaribia. Nililijua hilo kila nilipoamka. Lakini kila Jumamosi nilijiambia kwamba hesabu zile zote nazijua, nitakosaje? Asiyejua ndiye wa kusaidiwa. Ndivyo mtu anavyojidanganya kwa wema wake mwenyewe.

Basi tukabaki wawili kwenye meza ile, mimi na bwana wa kilimo, na sheria yetu bado ipo. Nilimweleza asilimia kwa ndizi, nikamweleza kwa mafuta ya mawese, nikamweleza kwa mbegu zake mwenyewe za mahindi. Hakuwahi kunikasirikia, mimi ndiye niliyekasirika mara nyingi, na mara moja nilimrushia chaki. Aliiokota akanirudishia kwa mikono miwili. Halafu Jumamosi moja, sijui nini kilifunguka, alisimama akachukua chaki yeye. Akafanya swali la kwanza, la pili, akamaliza ukurasa wote, akageuka na jasho usoni.

“Nimesikia,” akasema. “Geuza.”

Nilishuka uani nikajifanya natafuta maji ya kunywa. Machozi yalikuwa karibu.

Tulikwenda Kinshasa pamoja. Kwangu ilikuwa nafasi ya mwisho, kwake ya kwanza. Wakatuingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, kila mtu na kompyuta yake, na kwenye pembe ya skrini saa inahesabu kurudi nyuma. Kwa kila swali unapewa dakika moja na kitu hivi.

Swali la asilimia lilipokuja, jibu nililiona palepale, kama mtu anavyomwona ndugu yake sokoni. Ilibaki kubonyeza tu. Lakini mkono wangu ulikuwa tayari kwenye karatasi ya rafu, unaandika. Kwanza tunachukua hiki. Tunakigawanya, kwa sababu hii. Halafu tunarudi tulipoanza, tunahakikisha. Hatua zote, mwandiko safi, mstari chini ya jibu. Nilikuwa namweleza mtu. Nilipomaliza nikainua kichwa nikangoja. Naapa, nilikaa mbele ya mashine ile nikangoja mtu aniambie amesikia.

Nilishtuka nikabonyeza, nikaendelea. Swali lililofuata, mkono ukafanya vilevile. Nikaukemea. Ukaacha kidogo, ukarudia. Mazoezi ya miaka hayakemewi katika saa moja. Skrini ilipojifunga yenyewe, yalikuwepo maswali mengi ambayo sikuyaona hata sura, na yote nilikuwa nayajua. Huo ndio uchungu wenyewe. Mtu anayekosa asichokijua hulala usingizi.

Bwana wa kilimo alitoka akicheka kicheko chake, watu wa mapokezi wakageuka.

“Kila swali nilisikia sauti yako,” akaniambia. “Inaniambia: hii tulisha kumaliza, pita mbele. Basi nikapita, nikapita, nikapita.”

Alifaulu. Mimi nilipungukiwa kidogo tu, kidogo cha kuudhi, kisha siku yangu ya kuzaliwa ikaja na mlango ukafungwa. Nilipomwambia baba matokeo, hakunirudishia ile ngoja ngoja yake. Alinisogezea sahani ya lituma, zile ndizi zetu za kupondwa, na samaki, akakaa upande wa pili wa meza mpaka nikala. Ingekuwa afadhali angenisema.

Najuta, na najuta hadi leo. Watu hawapendi kusikia hivyo. Padri aliniambia mwalimu ni mshumaa, anawaka ili wengine waone. Nilimheshimu, nikamshukuru, lakini mshumaa haukuwahi kuomba bursari. Bwana wa kilimo hunipigia simu Jumapili kutoka huko aliko, ananionyesha theluji, ananionyesha mashine za kupimia udongo. Nafurahi naye kwa moyo wote, kisha simu ikikatika nakuwa mkali kwa kila mtu nyumbani mpaka jioni. Simwonei wivu nafasi yake. Kama ingebidi kuchagua tena kati ya kumngoja na kumwacha, sidhani kama ningeweza kumwacha yule mtu na mkono wake juu, anaomba pole.

Mwaka huu kikundi kipya kimeanza kwenye veranda ileile. Ni vijana waliozaliwa mimi nikiwa tayari na akili zangu, na sheria yetu wameirithi bila kujua imetoka wapi. Wanaisema kama methali ya wazee. Waliniomba nije niwasaidie. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikaenda, nikakaa nyuma.

Walikuwemo wasichana wawili, marafiki wa tangu utoto. Mmoja alikuwa mwepesi. Alimaliza ukurasa wakati wengine bado wanatafuta kalamu, akaweka kiganja juu ya karatasi, akangoja. Mwenzake alikuwa amekwama kwenye swali la pili, anafuta, anaandika, anafuta tena.

“Geuza,” nikamwambia yule mwepesi.

“Bado, tantine,” akasema, akiniita shangazi kama wenzake wote. “Huyu hajasikia.”

“Nimeona. Geuza.”

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe. Yule aliyekwama akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanavyoshuka. Nilitaka kuwaambia yote, habari ya Kinshasa, habari ya mkono wangu, lakini badala yake niliinuka nikaenda hadi mezani. Na hapo, nimesimama hivyo kati ya wale wawili, nikaona jibu ambalo nilikuwa nimelikosa miaka yote ile. Lilikuwa jepesi hata nikaona aibu.

Nilivuta kiti changu mpaka kwenye kona ya veranda, nikavuta na kiti cha pili. Nikamwita yule aliyekwama aje na daftari lake akae nami, tuanze swali la pili upya, pole pole, hata kama ni hadi jioni. Wengine nikawaambia waendelee na kitabu chao, atawakuta mbele.

Kikundi chetu sisi hakikuwa na mtu wa namna hiyo, mtu wa kubaki na wa nyuma ili wa mbele apite. Anatakiwa awe anajua hesabu zote, na asiwe na safari yoyote.

Msichana akakaa. Nikamshikia daftari lisipeperushwe na upepo. Nyuma yangu, mezani, nikasikia ukurasa unageuzwa.