Wote wa Kibenga

Msinicheke, niliogopa tu. Ofisi ya vibarua ilitutuma kubeba magunia kwenye depo moja hapa mjini Buja, na siku ya kwanza shefu, musimamizi wetu, akapita na karatasi, akiuliza kila mutu anaishi kartie gani, mtaa gani. Miaka ile ya vita, kutaja kartie ilikuwa sawa na kutaja kabila. Nikajiuliza, huyu anamuandikia nani? Mi wa Carama nikajibu "Kibenga", kartie ya makabila yote, bila kupepesa macho, nikajiona mjanja kabisa.

Wiki haikuisha, gunia likaniangukia mguuni. Shefu akanipakia kwenye kamioneti, akatoa karatasi ile ile.

"Ndiyo kazi yake," akasema. "Mutu akiumia, tujue pa kumupeleka."

Kufika Kibenga nikaonyesha geti ya kijani, ya kwanza niliyoiona. Mama mmoja akafungua.

"Mama, tumekuletea mutoto wako."

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye bandeji. "Huyu? Apana, simujui."

Shefu akanikunjulia karatasi magotini. Majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina: Kibenga.

"Nilizani," akasema, "angalau mumoja wenu alisema kweli."