Nilituma Kisa cha Mwenzangu Redioni Kama Changu

Nimekosa, na sina namna nyingine ya kuanza. Msinipe pole, nisomeni tu hadi mwisho.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Maisaka hapa Babati. Mume wangu ni dereva wa lori, analala nyumbani siku mbili, anapotea wiki tatu. Watoto wakishaenda shule nyumba inakuwa kimya mno, kwa hiyo redio yangu haizimwi. Naiwasha kabla ya jiko.

Wengine watasema redio ni ya taarifa ya habari na bei ya mahindi. Uongo mtupu! Mimi nilisikiliza ili kuwe na mtu ndani ya nyumba.

Kuna kipindi cha asubuhi ambacho wasikilizaji wanatuma visa vyao kwa simu, bila jina, mtangazaji anavisoma kwa ile sauti yake ya huruma. Watu wanapiga kushauri, wengine kutukana. Ukienda sokoni saa nne unakuta habari ni hiyo hiyo. "Umemsikia yule mama wa leo? Jamani!" Sasa mimi nikaanza kutamani. Nilitamani siku moja mama wa leo awe mimi.

Shida ni kwamba sikuwa na kisa! Mume wangu hanipigi, wakwe zangu walishafariki, watoto hawaumwi. Niliwahi kutuma salamu, zikasomwa mbio mbio pamoja na za watu wengine kumi. Nani anajali salamu?

Basi nikachukua kisa cha mtu.

Jirani yangu nitamwita Mama Tina, ingawa siyo jina lake. Kwao ni Mbulu, ila aliolewa na kijana ambaye baba yake ni mfugaji kule tambarare za Hanang. Tina alipozaliwa, babu yake alimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akamleta mwenyewe hadi hapa Maisaka ili mtoto akue na maziwa yake. Ng'ombe wa mtoto ni wa mtoto. Hauzwi hivi hivi, babu asipoambiwa ni kosa kubwa, kila mtu hapa analijua hilo.

Mama Tina alimuuza. Mama yake mzazi alikuwa anapoteza macho, daktari kasema upasuaji usichelewe, na Baba Tina, ambaye ni mwashi, alikuwa kwenye ujenzi mbali, akipigiwa anasema subiri nirudi. Mama Tina hakusubiri. Alimpeleka ng'ombe mnadani, kisha akawaambia mumewe na mkwewe kwamba amevimba tumbo akafa, na bwana mifugo ameamuru afukiwe. Alinieleza hayo nikiwa nampima gauni. Alisema, "Nitanunua mwingine kabla mzee hajaja. Nimekwambia wewe tu, dada." Nikamwambia ondoa wasiwasi.

Mwezi haukuisha nikakiandika chote nikakituma redioni, kana kwamba yamenipata mimi. Lakini nilikuwa mwangalifu, au nilijiona hivyo! Nilibadilisha mtoto awe wa kiume. Maisaka nikaifanya kijiji cha mbali. Macho nikayafanya moyo. Nikaona kisa kimepoa, hakina ladha. Ndipo nikamweleza yule ng'ombe jinsi alivyokuwa, mwekundu, tumbo jeupe, pembe moja imeinamia jichoni. Na jinsi nilivyosema amevimba, amefukiwa.

Jamani, mimi nimezaliwa mjini! Nilificha majina ya watu nikaacha pembe. Wafugaji wa huku jina la mtu wanaweza kulisahau, ng'ombe waliyemkuza hawamsahau, na wakisimulia kuhusu ng'ombe wanaanza na rangi na pembe. Nimeishi nao miaka yote na sikulifikiria hilo hata dakika moja.

Kisa kikasomwa. Kilisomwa chote! Simu zikamiminika, mmoja akasema huyo mwanamke ni mwizi, mwingine akalia. Sokoni wakasema, "Umemsikia yule mama wa leo?" Nami nikajibu, "Nimemsikia, maskini." Nilikuwa na furaha siku hiyo, siwezi kusema uongo.

Yule mzee, babu yake Tina, huchunga akiwa na redio ndogo shingoni, aliyonunuliwa na mwanawe, Baba Tina. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba yao, chai imewekwa mbele yake na hajaigusa. Baba Tina alikuwa amesharudi. Waliniita na mimi kwa kuwa ni jirani wa karibu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu akiangalia chini. Kisha akamgeukia mkwewe. "Yule ng'ombe nilimvuta mwenyewe tumboni mwa mama yake. Redio imemsema yeye."

"Baba, wenye pembe ya namna hiyo ni wengi."

"Na waliovimba tumbo, wakafukiwa na bwana mifugo, nao ni wengi?"

Mama Tina akapiga magoti akakiri. Alieleza habari ya macho ya mama yake, akaomba radhi huku ameshika miguu ya mzee. Na mimi niliona uso wa yule mzee ukilegea kabisa. Alikuwa anaelekea kusamehe!

"Kuuza tungekaa tukaongea," akasema. "Macho ya mama ni macho. Lakini kunipeleka redioni, watu wanicheke mkoa mzima? Hilo nilikukosea nini, mwanangu?"

"Sikutuma mimi, baba." Akanigeukia. "Ni huyu. Nilimwambia yeye peke yake."

Wote wakaniangalia. Baba Tina akasema, "Shemeji, ni wewe?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ujumbe haujafutwa. Ilikuwa ni kusema ndiyo, nifukuzwe, nitukanwe, yaishe.

Nikasema, "Mama Tina, usiniingize kwenye mambo yako. Mimi nitapata faida gani?"

Walinisadiki. Kwa nini wasinisadiki? Kisa kilisema "mimi nimeuza", na aliyeuza ni yeye. Mzee akasimama. Wiki hiyo hiyo Mama Tina alirudishwa kwao Mbulu, na Tina, wa miaka saba, akachukuliwa na babu yake. Nilisimama dirishani nikamwona mtoto anapakiwa kwenye pikipiki na mfuko wa nguo zake. Nguo nyingine nilizishona mimi.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na hilo linanitisha kuliko yote. Nashona, napika, naitikia hodi. Redio inaongea kuanzia asubuhi na sijui imesema nini. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia sijui.

Juzi Baba Tina alileta suruali nikunje pindo. Alikuwa amekonda. Akaniambia, "Asante shemeji, umetuvumilia sana." Nikamwambia karibu tena!

Ninyi mnaosikiliza, mnaosoma, mnaobonyeza simu kutwa, hamu ya kusikika ipo na mimi siicheki. Upweke unauma. Lakini kabla hujatuma, jiulize hicho kisa ni cha nani. Usijidanganye kwamba umeficha jina, kuna mtu mahali anamjua huyo mtu kwa kitu ambacho wewe umekiona kidogo. Na ukishakosea, ukaulizwa mbele ya watu, sema ndiyo. Sema siku hiyo hiyo! Kesho yake unakuta ndiyo yako imegeuka mlima.

Wala msiniambie nimetubu. Nimeandika yote haya nikaacha jina langu nje, kwa hiyo mpaka mnapomaliza kusoma, aliyemtangaza mkwewe redioni bado ni Mama Tina.