Siku Mkasi Alipokuwa Mpole

Wifi yangu hana dogo. Nalisema hilo mapema mtu asije akadhani namsengenya, maana hata yeye akilisikia atajibu kwamba ni kweli, kisha atakugeuzia kibao uanze kujitetea wewe. Aliolewa na kaka yangu, na kaka alipofariki hakurudi kwao, wala mimi sikutaka arudi, ingawa hakuna aliyemwambia mwenzake neno hilo. Tumezeeka naye nyumba moja, jiko moja na karakana moja ya ushonaji. Yeye ndiye mkataji, ndiyo maana watu wote humwita Mkasi. Wapo wanaosema jina lilitokana na ulimi, na mimi siwabishii.

Wasioijua kazi yetu hudhani ushonaji ni cherehani. Wapi! Sisi wa cherehani tukikosea tunafumua, tunashona upya, maisha yanaendelea. Mkataji akikosea, kitambaa ndicho kimekwenda. Kwake kitambaa hutandikwa mezani tabaka juu ya tabaka, anachora kwa chaki tabaka la juu, kisha anakata yote kwa pamoja, kwa hiyo kosa moja huwa kosa la jora zima. Ndipo tukawa na sheria mbili ambazo hata bosi, mama mwenye karakana, anazifuata. Ya kwanza, chakula wala kinywaji hakisogei kwenye meza ya kukatia. Ya pili, Mkasi akishika chaki haongeleshwi. Hata nyumba ikiungua, utasubiri aiweke chini.

Amekuwa na ugonjwa wa sukari tangu kaka yuko hai. Kila asubuhi anajitoboa kidole, anapima, anajichoma insulini tumboni huku akinigombeza kwamba namkodolea macho, kisha anakunywa chai. Zamani sukari ikimshuka ungemjua ukiwa mlangoni. Mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, moyo ukamwenda mbio, akashikwa na njaa ya kutaka kumla mtu. Alikuwa akilalama kidogo, anakunywa soda yake, anakaa, anapima tena, anarudi kazini. Tulizoea. Miaka ilivyokwenda kutetemeka kukapungua, jasho likapungua, halafu vyote vikaacha, na sisi wajinga tukafurahi. Mara kadhaa mashine ilionyesha sukari iko chini naye hahisi kitu, akasema mashine ni mbovu. Tulijiambia ugonjwa umemchoka. Mpiga pasi wetu, ambaye kila jambo kwake ni mzaha, alisema ugonjwa wenyewe umeogopa mdomo wake.

Siku yenyewe tulikuwa na makoti ya shule. Kitambaa chake kilikuwa na uso na mgongo, upande mmoja unang'aa na wa pili umefifia. Kitambaa cha namna hiyo ukikitandika chote uso juu, unakata mikono ya kulia, kisha unageuza karatasi ya mfano unakata ya kushoto. Anayejifunza kushona leo anafundishwa hilo kesho. Asubuhi Mkasi alijichoma sindano nyumbani kama kawaida, lakini chai akaitia kwenye chupa. Alisema ataimaliza kazini, meza iko tupu, anataka kuanza mapema. Tulipofika chupa ikawekwa karibu na mlango, kufuata sheria, yeye akatandika kitambaa na kushika chaki. Karakana nzima ikanyamaza.

Nilikuwa nashona mapindo. Kila nikiinua kichwa namwona ameinama, anachora, anakata, anachora tena. Baadaye nilimwona amesimama tu, mkasi mkononi, ananitazama huku anatabasamu. Nikadhani kuna mtu nyuma yangu.

"Wifi," akasema, "mapindo yako yamenyooka. Una mkono mzuri, mpenzi wangu."

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Miaka yote ile mwanamke huyu aliyasifu mapindo yangu kwa kutoyasema vibaya, na mpenzi wake alikuwa kaka yangu peke yake, tena chumbani kwao. Mpiga pasi alinikonyeza, akauliza kwa sauti ya chini Mkasi ameota nini usiku. Mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaanza kutafuta neno la kumrudishia ambalo halingemfanya ajute. Nikamwambia ahsante, wifi. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, uso wake mkavu hauna hata tone la jasho.

Halafu akaniuliza, "Kaka yako ameshakula?"

Niliinuka kiti kikaanguka. Kaka yangu alikuwa chini ya udongo, na huyu ndiye aliyemfumba macho kwa mkono wake. Nilipomfikia nikaona macho yake yananipita, hayashiki kitu. Mpiga pasi alisogea naye, mzaha umemwisha, akauchukua mkasi vidoleni mwake polepole, naye akauachia kama mtu anayeombwa chumvi mezani. Nilimkalisha sakafuni tukiegemea mguu wa meza. Nikaleta soda, akaikataa, tena kwa adabu. Alisema yeye ana ugonjwa wa sukari, soda si yake, nimpe mgeni. Nikamwambia mgeni ameshakunywa, hii imebaki yake. Akanywa. Nilimtazama koo kila funda, nihakikishe anameza, maana asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu, hilo tulishaambiwa kliniki.

Tulikaa pale tunangoja. Mpiga pasi alimtoboa kidole, mashine ikaonyesha bado iko chini, tukampa nyingine kidogo, tukangoja tena. Kisha nikaona uso wake unajikusanya, nyusi zikashuka, midomo ikabana. Akakitazama kitambaa kilichoning'inia mezani juu ya kichwa chake, akatutazama sisi, akauliza ni nani kaleta soda kwenye meza ya kukatia. Nilimkumbatia, akanisukuma, nikamkumbatia tena. Tulipomwinua ndipo alipoona kazi yake. Jora zima lilikuwa mikono ya kulia.

Hakuna aliyecheka. Mpiga pasi mwenyewe, ambaye angeweza kutafuta shule ya watoto wenye mikono miwili ya kulia, alikwenda kupiga pasi nguo ambayo ilishapigwa.

Daktari wa kliniki ni binti mdogo ambaye Mkasi humwita mwanangu na kumgombeza kuhusu foleni. Siku hiyo hakugombezwa. Alitueleza kwamba ubongo unaishi kwa sukari na hauna akiba ya kutosha. Sukari ikianza kushuka, mwili hupiga kelele kwanza. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, vyote hivyo ni kelele za kumwambia mwenyewe ale haraka. Lakini ikishuka mara kwa mara mwili huzoea na kunyamaza, sukari ikaendelea kushuka kimyakimya mpaka ubongo wenyewe ukakosa. Hapo mtu hajijui tena. Mmoja hugomba, mwingine hucheka ovyo au huongea kama mlevi, na mwingine huwa mpole. Ikizidi huanguka, akapata degedege, na wapo wasioamka. Kwa hiyo kule kupungua tulikokushangilia ndiko kulikokuwa hatari yenyewe.

Mkasi alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hizo kelele," akauliza, "zinarudi?"

"Zinaweza kurudi, mama. Ukikaa wiki kadhaa bila kushuka hata mara moja, mwili hujifunza tena. Ila siwezi kukuahidi."

Tulipotoka nilimwacha atangulie, nikarudi kwa daktari na swali la kijinga. Nilimwuliza kama mtu wa hali ile husema ya moyoni au ya hewani. Akanitazama, akasema hata yeye hajui, ubongo wenye njaa husema chochote kilicho karibu. Nililibeba jibu hilo mpaka nyumbani, na wifi yangu sijamwambia.

Bosi alisema maneno machache, akiangalia chini. Mkasi ule wa kukatia ni mzito na mkali, hauwezi kukaa mkononi mwa mtu ambaye anaweza kupotea bila mwenyewe kujua. Mpaka mwili wake uanze kumwambia tena, meza ya kukatia ataishika bosi. Mwili usipomwambia, basi, hakati tena. Mkasi akapewa vifungo.

Msiomjua hamwezi kuelewa. Kwake, kukaa kwenye kona na bakuli la vifungo ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Alishona vifungo bila kumsema mtu, na karakana ikawa baridi. Wateja walimwulizia, naye akajifanya hasikii. Nyumbani alikaa anajitazama viganja. Na hofu ikamwingia. Nilikuja kugundua anajipunguzia insulini mwenyewe ili sukari isimshuke kamwe, na mashine ikawa inaonyesha juu, juu, juu, mpaka akawa anakunywa maji na kwenda chooni bila kikomo. Tukagombana, na mimi sina adabu nikianza. Nilimwambia anakimbia shimo kwa kuruka kisimani. Daktari ndiye aliyetupatanisha. Alimpangia dozi upya, akamwambia asijipunguzie wala kujiongezea bila kumwuliza, akatia mkazo kwenye jambo moja ambalo sisi tulilivunja kwa kuheshimu meza: sindano ile ikishaingia, chakula hakisubiri kazi.

Basi nikawa kero. Nilimfuata na chai. Nilimfuata na mashine, kabla ya kazi, katikati ya kazi, kabla ya kulala. Aliniuliza lini nimegeuka mama mkwe wake. Nikamjibu mama mkwe wake alikuwa mama yangu, na angekuwa hai angekuwa ameshamchapa. Siku nyingine alikula huku amenipa mgongo. Lakini alikula. Wiki zikapita hajashuka hata mara moja, na wala mwili haukusema kitu, maana haukuwa na la kusema. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamla. Angejuaje kama umepona au umekufa ganzi? Usiku nilimsikia akiuliza hivyo peke yake chumbani, au labda alikuwa anamwuliza kaka.

Bosi alimruhusu kuchora. Si kukata, kuchora tu, na mimi nikae upande wa pili wa meza na cherehani yangu. Chupa ya soda ikawekwa kwenye kiti kando, jambo ambalo zamani lingemtoa mtu kazini. Nami nilitakiwa kumwongelesha kila mara hata akiwa na chaki. Alichukia kila neno langu. Nikimwuliza hali ananijibu kwamba hali yake ilikuwa nzuri kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa napenda sana majibu hayo. Akinijibu vibaya, napumua.

Asubuhi moja alikuwa anachora sketi. Alikuwa amekula, lakini siku hiyo maji yalikatika, akabeba ndoo toka mtaa wa pili kabla ya kuja kazini, na mwili uliochoka hula sukari haraka kuliko unavyodhani. Nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano. Nikasikia chaki imewekwa mezani.

"Wifi. Njoo uone."

Nilizunguka meza mbio. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha juu ya kitambaa, na ulikuwa unatetemeka. Mstari wa chaki ulikwenda vizuri, halafu ukaanza kuyumba, halafu ukawa wa mtoto wa chekechea. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Nilishika soda, nikaifungua, nikamsukumia. Hakuipokea mara moja. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Kunywa kwanza, utaushangaa baadaye."

Akanywa, chupa ikigonga meno. Mashine ilionyesha imeshuka, lakini si kwa kiasi kile cha siku ya mikono ya kulia. Imeanza tu kushuka, na yeye ameshajua. Alikaa chini, tukangoja, akapima tena, ikawa inapanda. Bosi alikuja akasimama juu yetu, akauona mstari ulioharibika, akanyoosha kitambaa aufute.

"Uache huo," Mkasi alimwambia. "Uache kwanza niutazame."

Mpiga pasi akauliza tunalilia nini, mtu katetemeka tu. Kweli tulikuwa tunalia, mimi na wifi, wanawake wazima sakafuni, na mimi nilikuwa nimeushika ule mkono wake kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nauhisi unatetemeka bado, kidogo kidogo, unatulia.

"Wewe hukuniuliza, wifi," alisema. "Ulikuwa na uzi wako. Mwili umeniambia wenyewe."