Glavu za Muuza Nyimbo

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, nesi Mkenya, kutafuta kabati kwenye soko la vitu vya kale hapa Saint Paul, Marekani. Kwenye meza moja mzee Mzungu alikuwa akiuza vitabu vya nyimbo vya karne ya kumi na tisa. Alivaa glavu nyeupe, ndipo akatufungulia kimoja.

Kwenye jalada, mtu mweusi kachorwa mdomo nusu ya uso, macho yamemtoka. Jirani akasoma ubeti mmoja wa kuwadhihaki watu weusi. Kisha akamwambia mzee, “Hata mimi ningevaa glavu. Uchafu huu haushikwi mikono mitupu.”

Mzee akashangaa. “La, mama! Ni jasho la vidole, linaharibu karatasi. Hiki ni adimu sana.”

“Nani walikuwa wakiziimba nyimbo hizi?” jirani akauliza.

“Watu wa kawaida tu. Jioni nyumbani, mama kwenye piano, watoto wakiitikia.”

Akakifunga taratibu, akakilaza sandukuni kama mtoto mchanga.

Sisemi vichomwe. Vikichomwa, kesho tutaambiwa tumevizua sisi. Lakini huruma yote ile, kwa karatasi!

Kwenye treni jirani alitoa dawa ya kutakasa mikono, akajisugua mpaka tukashuka. Na hakuwa amegusa kitu.