Walipomwita Baba Dokta

Mwaka jana nilirudi Louisville kwa harusi. Bibi harusi nilisoma naye darasa la tano, na mama yake alikuwa jirani yetu pale South End, mlango kwa mlango. Yule mama aliponiona ukumbini alinikamata mikono yote miwili, akanitazama vizuri, kisha akapaza sauti mpaka meza ya pili ikageuka: "Muone mutoto wa Dokta! Na Dokta mwenyewe iko je?" Nikamjibu kwamba hajambo, yuko Buffalo, anazeeka polepole. Lakini sombe yangu, kisamvu cha kwetu, ilipoa kwenye sahani, kwa sababu nilikuwa sijalisikia jina hilo miaka mingi, na mimi mwenyewe nilichangia kulizika.

Ngoja nikueleze. Baba hakuwa daktari. Kule kwetu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa nesi wa zahanati ya vyumba viwili, na daktari aliyesomea udaktari alikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kwa hiyo watu walimwita Dokta, au munganga, maana sisi Wakongo humwita hivyo yeyote anayetibu kwa sindano na vidonge. Jina lile lilivuka mpaka pamoja nasi, likakaa kambini Burundi, kisha likapanda ndege. Tulipofika Amerika, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mimi nilikuwa na miaka kumi. Baba alipata kazi ya kupanga maboksi ghalani, na watu wetu wakaendelea kumwita vilevile. Akirudi kazini na ile fulana yenye mistari inayong'aa, utasikia mtu dirishani: "Dokta, bonjour!" Naye hunyoosha mgongo.

Jumamosi pale kwetu zilinuka ndakala, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga na sabuni ya nyumba ya kufulia. Ndege za mizigo zilipita chini sana mpaka vikombe vikagongana kabatini. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe, kubeba nguo na mama, na kusoma kila barua ya Kiingereza iliyoingia mlangoni. Masanduku yetu mama aliyaacha nyuma ya mlango, nusu ya nguo zikiwa bado ndani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Bado hatujafika." Nami nilidhani tumefika.

Siku ya wazazi shuleni, baba alikuja na yule jirani. Jirani akaita kwenye korido, "Dokta, darasa ni huku!" Mwalimu wangu akasikia, akafurahi, akaniuliza baba yangu ni daktari wa hospitali gani. Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nikajibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba siyo daktari, ni jina tu wanamwita, yeye anabeba maboksi. Kiingereza cha baba kilikuwa kidogo, lakini "siyo" na "maboksi" aliyajua vizuri, ndiyo maneno ya kazini kwake. Alimpa mwalimu mkono, akatabasamu. 

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya ibada, jirani aliingia kwetu bila kubisha, amembeba mtoto wake mchanga mwenye homa.

"Dokta, anachomeka! Tangu jana anakatala kunyonya. Mumuangalie."

Baba alimgusa shingo, akamfunua kope, akapitisha kidole utosini. Mikono yake, iliyokuwa haitulii hata mezani, ilitulia.

"Tumupeleke lopitali. Sasa hivi."

"Lopitali ya nini? Si weye uko hapa?"

"Mama, hapa mie siko munganga. Hapa mie niko mutu wa maboksi."

Alisema hivyo bila kunitazama. Nikajifanya natafuta viatu.

Tulikwenda wote, mimi nikiwa mkalimani. Mtoto alitundikiwa maji. Manesi walipouliza nani alimwangalia kwanza, jirani alimwonyesha baba kwa kidole, akatoa neno pekee la Kiingereza alilokuwa na uhakika nalo: Dokta. Basi akaja mtu na karatasi. Ana leseni ya jimbo gani? Amempa mtoto dawa gani? Nilitafsiri maswali, nikatafsiri majibu: hana, hakumpa. Yule mtu hakuwa mkali. Alisema tu kwamba hapa, mtu akijiita dokta bila leseni anaweza kufikishwa mahakamani. Hilo nalo ilibidi nimtafsirie baba yangu, usoni pake.

Mtoto alipona, siku ya tatu akarudi nyumbani ananyonya. Baba ndiye hakupona. Gari la polisi likipunguza mwendo barabarani, alisimama mpaka lipite. Kabla baridi haijaisha akasema, "Bon, tujaribu kwengine." Masanduku yakaingia garini.

Tulipofika Columbus, baba alitupa amri moja: hakuna kumwita Dokta. Akawa baba wa fulani tu, mtu wa ghala lingine. Miezi sita ikapita vizuri, halafu mama akateleza. Aliwaambia akina mama kanisani kwamba mume wake kule kwetu alikuwa munganga. Kati yao alikuwemo dada mmoja Mtanzania, na kwao, wewe unajua, mganga ni mtu mwingine kabisa.

Jumanne alasiri alikuja kwetu amejifunika mtandio, akakaa ukingoni mwa kochi, akamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba mume wake ametekwa na mwanamke mwingine.

"Pole, mama," baba akasema.

"Asante, mzee. Sasa nilitaka kujua, wewe unatumia mizizi au kitabu? Na tunguri zako umeziweka wapi?"

Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu Louisville nilikuwa sijamsikia akicheka. Lakini hakucheka muda mrefu, kwani maneno yalifika kanisani kabla ya Jumapili, na mchungaji akaja na wazee wawili kuiombea nyumba yetu. Waliweka mikono juu ya televisheni, juu ya friji, juu ya kichwa cha baba. Aliinamisha kichwa, wakamaliza, akawasindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi alisema hivi tu: "Donc mie niko mulozi sasa." Masika tukahamia Buffalo, kwa mama mdogo.

Buffalo, East Side, tulikaa orofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyolia kila upepo wa ziwani ulipovuma. Mwalimu wa huko alitupa kazi: kila mtoto achague neno moja la Kiingereza, atafute lilikotoka. Wenzangu walichagua piza na mpira. Mimi nilichagua dokta, na sikumwambia mtu kwa nini.

Kanisani kulikuwa na Mrundi mmoja aliyekaa Amherst, anafundisha historia chuo kikuu, na watu walimwita Dokta mbele ya baba yangu. Mama alimkaribisha kwa bugali. Nikaona baba anamzunguka zunguka kwa maswali, mwishowe akamuuliza anatibu lopitali gani.

"Mzee, mimi sijawahi kufunga hata kidonda," mgeni akasema.

"Sasa hilo jina ulipewaje?"

Mgeni akanawa mikono, akageuka mwalimu. Alisema neno hilo Waingereza walilipata kutoka Kilatini, na huko lilimaanisha mtu anayefundisha. Walioitwa hivyo kwanza ni walimu wa dini na wa sheria. Waganga wa mwili walikuja kulipata baadaye. Zamani zaidi, Waingereza walimwita mtabibu kwa neno lile lile wanalomwitia mruba, yule mdudu anayefyonza damu. Na leo, ukilifanya neno dokta kuwa kitendo, mtu aweza kuelewa kwamba umemtibu mgonjwa, au kwamba umeghushi karatasi.

"Mwalimu, mruba, mughushi," baba akahesabu kwa vidole. "Na mie nilikimbia miji miwili."

Mama akacheka, mgeni akacheka. Mimi niliandika yote.

Nilipomaliza, baba aliomba kuisoma kazi yangu. Aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, chai ikipoa. Nilianza kulia kabla hajafika mwisho, nikamwambia kwa Kiswahili changu kilichokuwa kimeanza kuvunjika, "Papa, kule Louisville, mbele ya mwalimu..."

"Ulisema kweli," akanikatiza. "Sikukuwa dokta. Iliniuma juu ya vile ulisema mbiyo sana."

Mwaka ule hatukuhama. Akina mama wa kanisa walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kazi ya kuhudumia wazee, na baba akaanza kuwafundisha Jumamosi asubuhi: jinsi ya kumgeuza mgonjwa, jinsi ya kunawa, majina ya viungo kwa lugha mbili. Walimwita mwalimu. Mama alitoa nguo zote masandukuni.

Leo wale waliomjua kama Dokta wamebaki wachache, na watoto wao hujibu kwa Kiingereza. Zahanati ya kule kwetu haipo, ilichomwa. Mimi ni nesi, nina leseni, watu hunikabidhi watoto wao huku wakisoma kadi kifuani pangu. Niliporudi kutoka harusini nilimuuliza baba kama analikumbuka jina lake.

"Jina hapana," akasema. "Minakumbuka batu. Kulikuwa kabinti kamoja, mguu ulioza. Nilimufunga, nikamuambia arudi siku ya ine." Yaani Alhamisi; kwetu siku huhesabiwa kuanzia Jumatatu. Akatazama dirishani.

"Sie tulikimbia siku ya tatu."